Salamu Isiyodai Jibu

Basi la Mlalo huingia Kange saa nane mchana,
likikawia, saa kumi.
Mimi hutangulia, si kwa kuzidi wema,
ila wapiga debe hawajui
kwamba ukimshika begani Mwalimu Sechambo
umemshika na shavu.

Mara ya kwanza na mimi sikujua.
Nilimlaki kama tunavyolakiana huku kwetu:
habari za safari, za Mlalo, za mvua,
watoto hawajambo? Na yule mdogo?
Akajibu zote.
Mwalimu wa miaka ishirini na sita
haachi swali likae bila jibu.
Kila jibu lilimpita kama umeme,
kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo,
na mimi, mjinga, nikadhani analia
kwa furaha ya kufika.

Mshipa wa fahamu, alisema daktari wa Bombo.
Kabla yake walisema meno,
wakang'oa matatu ya kushoto,
mazima, hayana kesi na mtu.
Kabla ya meno walisema kijicho.
Na hizi dawa alizopewa ndizo za kifafa pia,
basi huko nyumbani wameshamtengea kikombe.

Kwangu ni vyumba viwili na ukumbi,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Sina cha kumpa. Nimezima feni.
Upepo wa bahari wanaokuja kuusifu wageni
mimi nimeuzibia dirishani kwa gazeti na gundi,
maana ukimgusa usoni ni wembe.
Kitanda nimekigeuza, alalie kulia.
Uji naupoza hadi ngozi yake ijikunje.
Mwanangu Zuhri nimemwambia, shangazi habusiwi.
Akauliza, hata kidogo?
Hata kidogo.
Akaenda akabusu mkoba wake.

Jumatano alfajiri namwita Mbwana wa bajaji,
anayeyajua mashimo ya mji mmoja mmoja.
Watu wote humlipa awahi.
Mimi namwongeza elfu mbili achelewe.

Pale benchini hatuulizani unaumwa nini.
Tunaulizana umetoka wapi.
Pangani. Handeni. Maramba.
Mama mmoja amepakata kijana mkubwa,
miguu imegusa sakafu,
selimundu imemrudisha kuwa mtoto.
Alimtazama Mwalimu na kanga yake puani,
akasogea, akampa ile nafasi ya ukutani.
Hakusema neno.
Sijui nani alimfundisha.

Mimi nilichelewa kujifunza.
Nilikuwa na pole mdomoni kama mtu mwenye kikohozi.
Pole, Mwalimu. Pole sana.
Mpaka siku ile alipovuta daftari la mistari,
akaandika kwa mwandiko wa ubaoni:
*Munira, pole yako inanidai asante,
na asante ni ghali.*

Tangu hapo namsalimia kwa kiganja.
Nakiweka juu ya mkono wake, nahesabu tatu, naondoa.
Hakina swali ndani yake.

Jana ilikuwa Jumatano ya saba.
Wamempandishia dozi.
Usiku nikapika wali bokoboko, mchuzi wa kibua,
nikageukia karai la vyombo nisimwone akila,
kwa kuwa kutazamwa nako ni kuulizwa.
Nilisikia kijiko. Kikakaa kimya. Kikarudi.
Kisha nyuma yangu ikaja sauti
ambayo huko Mlalo imewanyoosha watu wazima:
"Chumvi imezidi, Munira."

Nilisugua sufuria moja mpaka Zuhri akanishangaa.

Leo asubuhi, Kange, kanga imepanda tena puani,
daftari liko kwapani.
Ameandika kwamba vidonge vinamzungusha kichwa,
kwamba mahindi hayajapaliliwa,
kwamba nauli ya mwezi ujao bado haijui.
Nimesoma. Nimeweka kiganja. Moja, mbili, tatu.

Kondakta akanivuta pembeni:
huyu mama ni bubu?

Ni mwalimu, nikamwambia.
Mpe siti ya ndani,
mbali na dirisha.